Ngao Nyekundu ya Ukoo wa Ledóchowski



Ndugu wapendwa, askofu mpya anaposimikwa, waamini huona mitra, fimbo na pete, na karibu kila mmoja anajua kueleza maana yake. Kuna kitu cha nne ambacho hutazamwa sana na kuelezwa kidogo, nacho ni nembo. Huchapwa kwenye kadi za mwaliko na kwenye vitenge vya sherehe, kisha hutundikwa juu ya kiti chake katika kanisa kuu. Ni ngao iliyochorwa alama, juu yake kofia pana ya kijani yenye vishada 6 kila upande, na chini yake utepe wenye kaulimbiu. Askofu mkuu ana vishada 10 kila upande. Kardinali ana 15, na kofia yake ni nyekundu.

Mambo haya yametoka wapi? Si katika Biblia, wala si kwa Mitume. Yametoka katika nyumba za makabaila wa Ulaya, watu ambao katika historia ya Kanisa wametupatia watakatifu, na wametupatia pia maaskofu waliopenda mashamba kuliko kondoo. Tungeweza kueleza jambo hili kwa ujumla, lakini tumeona ni afadhali tufuate ngao moja tu, ya ukoo mmoja usio mkubwa, na tuone ilipita mikononi mwa akina nani. Tumechagua ukoo wa Ledóchowski wa Polandi. Si wafalme, wala hawakuwahi kutawala nchi. Lakini ukoo huo umetoa kardinali aliyefungwa gerezani, mtakatifu mmoja, mwenyeheri mmoja na Mkuu wa Majesuiti. Na mmoja wao aliyatoa maisha yake yote kwa ajili ya bara letu bila kulitia machoni.

Tuanze na ngao yenyewe. Katika karne ya 12 askari wa farasi wa Ulaya walianza kuvaa kofia za chuma zilizowafunika uso, na vitani haikuwa rahisi tena kumtambua rafiki na adui. Basi kila bwana akapaka ngao yake alama ya kumtambulisha, na mwanawe akairithi. Wafugaji wetu wataelewa upesi, kwa maana chapa ya ng'ombe hufanya kazi ileile: husema huyu ni wa nani hata mwenyewe asipokuwepo. Polepole ikazaliwa elimu nzima ya nembo, yenye kanuni zake. Kuna metali 2, dhahabu na fedha, ambazo mchoraji huweza kuzionyesha kwa manjano na nyeupe. Na kuna rangi, hasa nyekundu, buluu, nyeusi na kijani. Kanuni kuu ni kwamba metali haiwekwi juu ya metali, wala rangi juu ya rangi. Ndiyo maana nembo njema husomeka hata kwa mbali.

Polandi walikuwa na desturi yao ya pekee. Kwingineko katika Ulaya kila familia ilikuwa na ngao yake. Kwa Wapolandi ngao moja ilibeba familia nyingi, nyingine zikiwa hazina udugu wa damu hata kidogo, na ngao yenyewe ilikuwa na jina lake kama mtu. Ndugu zetu Wahaya na Waganda, ambao familia nyingi kwao huungana chini ya mwiko mmoja wa ukoo, hawataona jambo hili kuwa geni. Mwaka 1413, katika mkutano wa Horodło, koo za Polandi zilizipokea familia 47 za wakuu wa Lithuania chini ya ngao zao, zikawa ndugu kwa hati. Tabaka hili la watu liliitwa szlachta. Walikuwa wengi kuliko makabaila wa nchi nyingi za Ulaya, na baadhi yao walilima kwa mikono yao wenyewe. Hata hivyo mbele ya sheria mwenye shamba dogo alijihesabu kuwa sawa na mwenye majumba.

Ngao ya akina Ledóchowski inaitwa Szaława. Ni nyekundu, na juu yake imewekwa pete ya fedha iliyoachwa wazi upande wa chini, ikiwa na misalaba. Jina la ukoo limetokana na kijiji cha Leduchów katika Volhynia, eneo ambalo leo liko magharibi mwa Ukraine. Mbele ya jina hilo waliweka jina jingine la kale, Halka, na tunamwomba msomaji alikumbuke, kwa sababu tutalikuta tena mahali asipolitarajia.

Katika karne zilizofuata wanaukoo waliishi kama walivyoishi wenzao: mashamba, vyeo vya wilaya, vita, kesi za mipaka. Hatutakaa sana hapo. Mmoja tu apite mbele yetu, Stanisław Ledóchowski, aliyezaliwa mwaka 1666. Mwaka 1715 makabaila wa Polandi waliungana huko Tarnogród kumpinga mfalme wao August II, aliyekuwa amejaza nchi askari wake kutoka Saksonia, na wakamchagua Stanisław awe kiongozi wao. Ilikuwa heshima kubwa kuliko zote ambazo ngao ya Szaława ilikuwa imewahi kupata. Mwisho wake ulikuwa mchungu. Ili kuwapatanisha makabaila na mfalme wao akaingia Tsar Petro wa Urusi, na mwaka 1717 bunge likakutana siku moja, likapitisha mapatano bila mtu kuruhusiwa kujadili. Wapolandi hadi leo huliita Bunge la Kimya. Jeshi la nchi likawekewa kikomo cha askari 24,000. Watu waliosimama kuutetea uhuru wao wa kikabaila walimfungulia mlango jirani ambaye hakutoka tena. Mwaka 1772, 1793 na 1795 Urusi, Prusia na Austria ziligawana Polandi mpaka ikafutika kwenye ramani.

Ni baada ya kufutika huko ndipo historia ya ukoo huu inapoanza kutugusa. Makabaila wasio na nchi walipaswa kuchagua: kuwatumikia watawala wapya au kuwapiga. Akina Ledóchowski walifanya yote mawili. Tawi moja lilipokea kutoka Vienna, mwaka 1800, cheo cha Graf, ambacho kwa Kipolandi ni hrabia. Lakini mwaka 1831, Wapolandi walipowaasi Warusi, Jenerali Ignacy Ledóchowski ndiye aliyeilinda ngome ya Modlin karibu na Warszawa, nayo ikawa miongoni mwa ngome za mwisho kusalimu amri, mwezi Oktoba. Mwanawe, Antoni, alitumika katika jeshi la Austria na kuishi huko. Ndani ya vizazi viwili tu, baba alimpiga mtawala mmoja na mwana akavaa sare za mwingine.

Antoni alipofiwa na mke wake wa kwanza, alimwoa Josephine, binti wa ukoo wa Salis-Zizers wa Uswisi. Hapa tunaomba ruhusa tuitazame na ngao ya mama, kwa maana inapendeza. Sehemu yake ya juu ni ya dhahabu, na katika dhahabu hiyo umesimama mti. Mti gani? Ni mti unaoota kando ya maji ambao kwa Kilatini huitwa salix. Salis, salix: ngao inataja jina la mwenye ngao kwa mchoro, kama kitendawili. Wataalamu wana jina la nembo za namna hiyo, wakisema ni nembo zinazosema. Sehemu ya chini ina mistari ya wima, myekundu na ya fedha. Watoto wa Antoni na Josephine walikua kati ya ngao hizo mbili, katika kasri ndogo ya Loosdorf, Austria. Tutawafuata wanne: Maria Teresa aliyezaliwa mwaka 1863, Julia wa mwaka 1865, Włodzimierz wa mwaka 1866 na Ignacy wa mwaka 1871.

Mwaka 1873 soko la hisa la Vienna lilianguka, na sehemu kubwa ya mali ya baba yao ikaanguka nalo. Wakaondoka Loosdorf, wakaishi katika mji wa St. Pölten, na mwaka 1883 wakahamia Lipnica Murowana, kusini mwa Polandi, ambako sasa kuna kanisa la kale la mbao linalotembelewa na watu wa mataifa mengi. Walibaki na jina. Yafaa tulizingatie jambo hilo, kwa sababu kwa kabaila aliyefilisika jina ndiyo mtaji pekee ambao benki haiwezi kuuchukua, na swali la ukoo huu tangu hapo ni mtaji huo kila mmoja aliutumia kwa kazi gani.

Wakati huohuo ndugu wa ukoo wao alikuwa gerezani. Mieczysław Ledóchowski, ambaye watoto hao walimwita mjomba ingawa alikuwa binamu wa baba yao, alikuwa Askofu Mkuu wa Gniezno na Poznań tangu mwaka 1866, katika sehemu ya Polandi iliyotawaliwa na Prusia. Alianza kazi hiyo akiwa mtu wa serikali kupita kiasi, na tuseme hivyo bila kuficha. Alikataza wimbo wa kizalendo wa Wapolandi usiimbwe makanisani, na wengi wa waamini wake walimwona kuwa msafiri wa kigeni aliyekuja na adabu za kibalozi, kwa maana kabla ya hapo alikuwa Balozi wa Papa huko Brussels. Lakini Bismarck alipotunga sheria za kuliweka Kanisa chini ya serikali, na kuamuru dini ifundishwe kwa Kijerumani kwa watoto waliosali kwa Kipolandi, mwanadiplomasia huyo alikataa. Alitozwa faini mfululizo, samani zake zikanadiwa. Mwezi Februari 1874 alikamatwa na kufungwa katika gereza la Ostrów kwa miaka 2.

Mwezi Machi 1875, akiwa bado ndani, Papa Pio IX alimtangaza kuwa kardinali. Hebu tufikirie elimu ya nembo ingesemaje. Ile pete ya fedha yenye misalaba ikapata juu yake kofia nyekundu yenye vishada 15 kila upande, na mwenye kofia alikuwa nyuma ya kitasa cha chuma. Walinzi wa gereza hawakuwa na kanuni ya jambo kama hilo. Alipofunguliwa mwaka 1876 alikwenda Roma, na mwaka 1892 Papa Leo XIII akamfanya mkuu wa Idara ya Uenezaji wa Imani, ambayo maaskofu wa nchi za misioni, Afrika Mashariki ikiwemo, walikuwa chini yake. Alishika kazi hiyo mpaka kifo chake mwaka 1902.

Turudi kwa Maria Teresa. Mwaka 1885 ndui iliingia nyumbani. Ilimwua baba yake na kumwachia yeye makovu na afya dhaifu. Mwishoni mwa mwaka huohuo alikwenda Salzburg kuwa mwanamke wa heshima katika nyumba ya Mtawala wa Toscana, familia ya kifalme iliyokuwa imekwisha kuipoteza nchi yake na kuishi uhamishoni na desturi zake zote za ikulu. Kazi yake ilikuwa kusindikiza, kuketi mezani na kuandika barua. Kwa msichana wa nyumba isiyo na fedha ilikuwa nafasi nzuri. Ndiko alikokutana na masista wamisionari Wafransisko waliofika kuomba msaada, na ndiko alikosoma maneno ya Kardinali Lavigerie.

Wasomaji wetu wengi wanalijua jina la Lavigerie kwa njia ya Mapadre Weupe, ambao msafara wao wa kwanza uliingia bara kupitia Bagamoyo mwaka 1878. Huko Bagamoyo Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kujenga kijiji cha watumwa waliokombolewa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini misafara haikukoma siku hiyo. Wamisionari kwenye maziwa makuu waliendelea kuandika juu ya vijiji vilivyochomwa na wafungwa waliofungwa shingo kwa shingo. Mwezi Mei 1888 Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazili waraka wa kulaani utumwa, na tangu Julai mwaka huo Lavigerie alizunguka miji ya Ulaya, Paris na London na Brussels, akisimulia yale yaliyokuwa yakitendeka. Katika maneno yake aliwasihi wanawake Wakristo waliojaliwa kipaji cha kuandika wakitumie kwa ajili ya watumwa. Maria Teresa alikuwa na kipaji hicho. Alilichukua ombi lile kuwa limeandikwa kwake.

Lakini mwanamke wa ikulu hakuandika tamthilia kwa jina lake mwenyewe. Basi alipotunga mchezo wa kuigiza kuhusu msichana wa Kiafrika aliyetekwa, akauita Zaida, aliutoa kwa jina la mwanaume: Alexander Halka. Ndilo lile jina la kale la Volhynia. Kwa karne nyingi Halka lilikuwa pambo mbele ya jina la ukoo, la kuandikwa katika hati za mashamba. Sasa likawa pazia la kumficha mwanamke aliyetaka kusema jambo ambalo mezani pa ikulu halikuwa la kusemwa. Mwaka 1889 alianzisha gazeti, Mwangwi kutoka Afrika, lililochapa barua za wamisionari, na mwaka huohuo alikutana na Lavigerie mwenyewe huko Uswisi. Hatimaye akaiacha ikulu.

Baada ya hapo pazia lilifunguliwa, naye akafanya kinyume chake: akalitumia jina lake lote, na cheo chake cha kikabaila, kufungulia milango. Milango ya maaskofu na ya wenye fedha ilifunguka kwa binti wa Graf ambaye mjomba wake alikuwa kardinali wa misioni huko Roma. Je, ilikuwa haki? Mwalimu wa kijijini mwenye wito uleule asingesikilizwa hivyo. Tunalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yeye mwenyewe hakuuvaa upendeleo huo kama pambo, aliutoa wote. Tarehe 29 Aprili 1894, siku alipotimiza miaka 31, Papa Leo XIII alilibariki shirika lake, lililowekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Petro Klaver, Mjesuiti aliyewahudumia watumwa wa Kiafrika bandarini Cartagena na kutangazwa mtakatifu miaka 6 tu kabla ya hapo. Mwaka 1896 aliweka nadhiri zake. Mwaka uliofuata alipata nyumba karibu na Salzburg, akaiita Maria Sorg, na humo ikawekwa mitambo ya kuchapa. Kutoka katika nyumba hiyo ya vilima vya Austria zilitoka katekisimu na vitabu vya sala katika lugha za Kiafrika, vikafungwa katika maboksi na kusafirishwa kwa meli. Wakati ambapo wengi Ulaya hawakudhani kwamba lugha zetu zinafaa kuandikwa, wanawake hawa walipanga herufi zake moja moja bila kuelewa neno.

Hata hivyo tusimpake dhahabu juu ya fedha. Kanuni ya nembo inakataza. Maria Teresa hakufika Afrika kamwe. Alituona kupitia barua za wamisionari na picha zilizochaguliwa, na lugha ya gazeti lake ilikuwa lugha ya zama zake: Mwafrika wa kuhurumiwa, wa kuokolewa, mara chache wa kusikilizwa. Aliyeandika juu ya Zaida hakuwahi kuketi na Zaida. Anayesoma maandishi hayo leo huona haya mahali fulani, nasi hatumlaumu. Ila huruma iliyompeleka mtu kuiacha meza ya ikulu na kutumia miaka zaidi ya 30 kati ya mitambo, hesabu na mihadhara ni jambo lenye uzito wake, nao watu waliokombolewa kwa fedha zile hawakuuliza kwanza mtindo wa uandishi. Alifariki Roma tarehe 6 Julai 1922. Papa Paulo VI alimtangaza mwenyeheri mwaka 1975.

Mdogo wake Julia alifuata njia isiyo na pazia. Mwaka 1886 aliingia kwa Waursula wa Kraków, akapata jina la Urszula. Mwaka 1907 alikwenda St. Petersburg kuwalea wasichana Wapolandi chini ya serikali iliyozuia watawa Wakatoliki, na vita vilipoanza mwaka 1914 akafukuzwa kwa kuwa alikuwa raia wa Austria. Akazunguka Uswidi na Denmark akifundisha na kuomba msaada kwa ajili ya Wapolandi walioathiriwa na vita. Mwaka 1920 alirudi na kuanzisha Pniewy, karibu na Poznań, shirika la masista ambao watu huwaita Waursula wa kijivu kwa sababu ya mavazi yao. Nyumba hiyo ilinunuliwa kwa msaada kutoka Norwe, na kwa shukrani akaiweka chini ya Mtakatifu Olaf. Masista wake wamefika hata Tanzania. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 18 Mei 2003.

Kaka yao Włodzimierz ndiye tunayepata shida kumweleza. Utotoni alitumika kama kijana wa heshima katika ikulu ya Vienna; mwaka 1889 akaingia kwa Majesuiti, na tarehe 11 Februari 1915 akachaguliwa kuwa Mkuu wa Shirika lote. Italia ilipoingia vitani miezi michache baadaye, yeye kama raia wa nchi adui hakuweza kukaa Roma, akahamishia ofisi zake Uswisi, katika kasri ya Zizers, nyumba ya ukoo wa mama yake. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa Shirika la Yesu liliongozwa kutoka chini ya ule mti wa ukingoni mwa maji. Aliongoza kwa miaka 27, kwa nidhamu na kwa nguvu, na chini yake misioni za Shirika ziliongezeka sana.

Kisha ukaja mwaka 1938. Mwezi Juni Papa Pio XI, mzee na mgonjwa, alimwita Mjesuiti wa Marekani, Padre John LaFarge, ambaye alikuwa ameandika kitabu juu ya haki kati ya watu weusi na weupe, akamwagiza kwa siri aandike rasimu ya waraka dhidi ya ubaguzi wa rangi. LaFarge na wenzake wawili, Gundlach na Desbuquois, waliimaliza huko Paris, na mwezi Septemba akaikabidhi kwa Mkuu wake, Padre Ledóchowski, aifikishe kwa Papa. Hakuifikisha upesi. Aliituma kwanza kwa Padre Enrico Rosa wa jarida la Majesuiti la Roma aipitie. Rosa alikuwa mgonjwa, akafariki mwezi Novemba. Papa naye akafariki tarehe 10 Februari 1939. Waraka ule haukutoka. Rasimu yake ilichapishwa kitabuni mwaka 1995, na kwa kweli ina kurasa kuhusu Wayahudi ambazo leo zingetuumiza.

Kwa nini alichelewesha? Wengine husema aliuogopa ukomunisti wa Urusi kuliko kitu kingine, na mtoto wa Mpolandi alikuwa na sababu zake. Wengine husema aliiona rasimu kuwa kali mno na isiyokomaa, akataka isomwe na mtu makini. Sisi hatumhukumu nia. Lakini tunaona vigumu kuipita miezi ile ya mwaka 1938 bila kusimama: dada yake aliyaona maneno ya kardinali kuwa ya haraka, akayaandikia tamthilia, yeye alikabidhiwa maneno ya haraka kuliko hayo, akayatuma yakahaririwe. Malezi ya ikulu yanafundisha subira, na si kila wakati subira huwa fadhila. Alifariki Roma mwezi Desemba 1942, vita vikiwa vimeikamata nchi ya baba zake.

Na cheo chao je? Tarehe 3 Aprili 1919 Austria ilifuta kwa sheria ukabaila wote pamoja na majina yake, na katiba ya Polandi ya tarehe 17 Machi 1921 ikasema kwamba Jamhuri haitambui vyeo vya kuzaliwa wala nembo za koo. Maria Teresa, aliyetumia cheo hicho kuombea watumwa, alikufa mwaka uliofuata akiwa hana cheo chochote mbele ya sheria za nchi zake mbili. Hatuna habari kwamba jambo hilo lilimnyima usingizi.

Amebaki Ignacy, mdogo wao, aliyekuwa na jina la babu yake na kazi ya babu yake. Alikuwa afisa wa mizinga, kwanza wa Austria, kisha jenerali katika jeshi la Polandi huru, halafu akastaafu na kuishi Lipnica. Wajerumani walipoivamia nchi alijiunga na jeshi la siri, ingawa alikuwa na umri wa kupumzika. Walimkamata mwaka 1944. Akafikishwa katika kambi ya Mittelbau-Dora, katika milima ya Harz, ambako wafungwa walitengeneza makombora ndani ya mahandaki. Katika kambi hizo kila mtu alipewa namba, na wafungwa wa kisiasa kutoka Polandi walishonewa kifuani pembetatu nyekundu yenye herufi P. Alifariki humo mwezi Machi 1945, akiwa na miaka 73. Majeshi ya Marekani yalifika kambini tarehe 11 Aprili.